Msumari Chunguni

Mafuriko ya Machi yaliung'oa murkani,
ule mti mpenda maji ukingoni mwa Alazani,
nikaenda na shoka dogo kabla jirani hajaufanya kuni.
Gome lake kwa nje ni kijivu, halina la kusimulia.
Ukilibandua, dakika si nyingi,
upande wa ndani unaiva mbele ya macho yako:
mweupe unakuwa chungwa,
chungwa linakuwa kovu.

Mimi si mtu wa rangi. Ni mtu wa kondoo.
Najua kumdaka dume kwa mguu wa nyuma,
najua kukata sufu bila kuchubua ngozi.
Rangi ilikuwa kazi ya Natela,
na Natela yuko Bari, mwaka wa sita sasa,
anamlisha supu mama wa watu, Bi Nunziata,
aliyekwisha kusahau jina la mwanawe.

"Loweka siku tatu," akaniambia kwenye simu.
"Tatu, Imeda. Si mbili na uvivu."
Siku ya pili maji yalikuwa chai.
Siku ya tatu yalikuwa kitu
ambacho huwezi kumpa mgeni.

"Sasa moto. Lakini maji yasipige kelele.
Yatabasamu tu pembeni mwa chungu.
Yakicheka kwa sauti, gome litatema uchungu wake wote,
na sufu itakuwa kama ndevu zako."
Asubuhi nzima nikayachunga,
nikitoa kuni moja, nikirudisha nusu,
mzee mzima nikiyabembeleza maji yasiamke.

Shabu niliipima kwa kijiko cha dawa ya mtoto.
Mtoto mwenyewe siku hizi ananyoa kidevu.

Sufu iliingia kama msafiri mwenye kiu,
ikanywa, haikuuliza.
Ikatoka na rangi ya ganda la mkate,
rangi ya mlango wetu kabla hatujaupaka mafuta.
Nikapiga mluzi. Mbwa akadhani anaitwa.

Hariri ilibaki fundo moja tu,
la viwavi wa mwisho wa mama mkwe,
kabla mforosadi haujakatwa kupisha barabara.
Hariri ina maringo. Inaelea, inageuza uso,
inataka kusukumwa taratibu.
Mwiko ulikuwa umevunjika kwenye sufu,
nikachomoa kijiti uani, nikakoroga,
nikakoroga nikimwaza aliko,
na kijiti kilikuwa na msumari nchani,
umekula kutu miaka ishirini, sikuuona.

Rangi haikuja kama ilivyotakiwa.
Ilikuja kama jioni inavyoingia zizini,
kutoka kona zote kwa mara moja.
Nilipoivuta juu ilikuwa jivu, kisha nyeusi,
nyeusi yenye kijani ndani, kama shingo ya njiwa.

Nikamtumia picha ya sufu peke yake.
"Na hariri?"
"Inakauka."
Wiki mbili nilisema inakauka.
"Hariri gani hiyo, Imeda? Umeianika kisimani?"
Mficha uchi hazai. Nikamweleza.
Kimya. Halafu: "Itume hivyo hivyo."

Jirani akaifuma kitambaa cha kichwa.
Gari la vifurushi likaichukua, na jibini, na jozi kilo mbili.
Lilifika Bari siku ambayo Bi Nunziata alikuwa sebuleni
ndani ya sanduku, mishumaa minne.
Natela hakuwa na nguo nyeusi hata moja.

Yule mwana aliyesahauliwa alitoka Turino kwa treni.
Kanisani akakigusa kitambaa pembeni, kwa vidole viwili,
akauliza kilinunuliwa wapi.
"Nikamwambia ni kosa la mume wangu," Natela akasema,
na simu ilikuwa na mwangwi, sikujua
kama ni kicheko au kile kingine.

Labda atarudi mwezi wa kumi. Labda atapata bibi mwingine.
Kucha zangu bado ni kahawia, muuza duka ananitazama
kila nikihesabu sarafu.
Msumari nimeung'oa, nimeuweka dirishani.
Na gome limebaki nusu gunia.
Nimelifunika lisinyeshewe.